Chippendale, Fundi wa Meza

Thomas Chippendale alizaliwa mwaka 1718 katika mji wa Otley, Uingereza. Baba yake alikuwa seremala. Thomas naye akawa seremala, akahamia London.

Mwaka 1754 alitoa kitabu cha michoro ya viti, meza, na vimeza virefu vya kuwekea mishumaa. Mafundi wengi walikinunua, wakaiga kazi yake.

Mwaka 1755 karakana yake iliungua. Masanduku ya mafundi 22 yaliteketea. Akaanza upya.

Matajiri walizipenda meza zake, lakini kulipa hawakupenda! Walichelewa hata miaka. Huku nyuma Thomas alidaiwa mbao na mishahara. Aliwaandikia barua za kuomba fedha zake.

Alikufa mwaka 1779. Mwanawe alirithi karakana, akafilisika mwaka 1804. Baadhi ya meza zimo bado katika majumba ya matajiri wale.