Claudia Jones: aliyejibu ghasia kwa ngoma

Msikilizaji wetu, huenda umewahi kuona kwenye simu yako picha za kanivali: watu wamevaa manyoya ya kila rangi, wanacheza barabarani mchana kutwa. Sherehe ya namna hiyo hufanyika kila mwishoni mwa Agosti katika mtaa wa Notting Hill jijini London, Uingereza, na huvuta umati unaokadiriwa kuwa zaidi ya watu milioni 1. Leo tunaangalia maisha ya mwanamke anayeitwa mama wa kanivali hiyo, Claudia Jones.

Alizaliwa Februari 21, 1915, Port of Spain, mji mkuu wa kisiwa cha Trinidad, katika bahari ya Karibi. Kisiwani humo kanivali ni jambo zito. Wenye mashamba Wafaransa waliileta kama karamu yao ya kabla ya Kwaresima, na watumwa wa Kiafrika hawakukaribishwa. Utumwa ulipokoma katika miaka ya 1830, watu walioachiwa huru waliingia barabarani kwa ngoma zao, wakaifanya sherehe yao. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwazuia, hata mwaka 1881 wakapambana na polisi. Hawakuiacha.

Bei ya kakao ilipoanguka, wazazi wa Claudia walihamia New York, Marekani, naye akawafuata mwaka 1924. Maisha yalikuwa magumu. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, akafariki Claudia akiwa bado msichana. Alipofikisha miaka 17, Claudia aliugua kifua kikuu kilichoharibu mapafu yake. Darasani alikuwa hodari, lakini alipomaliza shule kazi aliyoipata ilikuwa ya kufua nguo.

Mwaka 1936 alijiunga na vijana wa chama cha Kikomunisti, kwa kuwa aliwaona wakiwatetea vijana 9 weusi waliosingiziwa ubakaji huko Alabama. Akawa mwandishi na msemaji wa haki za wanawake weusi. Serikali ya Marekani ilimfunga gerezani mwaka 1955 kwa ajili ya siasa zake, na Desemba mwaka huohuo ikamfukuza nchini. Wakuu wa kikoloni wa Trinidad hawakumtaka arudi kwao, hivyo akapelekwa Uingereza.

London aliwakuta maelfu ya watu wa Karibi waliokuwa wakihamia huko tangu mwaka 1948. Waliendesha mabasi na kuuguza wagonjwa, lakini wakitafuta chumba cha kupanga walifungiwa milango kwa sababu ya rangi yao. Mwaka 1958 Claudia alianzisha gazeti lao, West Indian Gazette. Ofisi ilikuwa juu ya duka la kinyozi huko Brixton, na fedha zilikuwa za kubahatisha.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo, magenge ya vijana weupe yalivamia watu weusi na nyumba zao huko Notting Hill, usiku baada ya usiku. Watu walijeruhiwa, na hofu ikatanda. Ghasia zilipotulia, swali likawa namna ya kuwarudishia watu moyo. Claudia akakumbuka kwao Trinidad.

Januari 30, 1959, kanivali ikafanyika London. Trinidad huifanya barabarani, juani. Hapa ilikuwa katikati ya baridi kali, kwa hiyo ikaingizwa katika ukumbi wa manispaa ya St Pancras. Palikuwa na nyimbo za kalipso, ngoma za chuma zilizotengenezwa kwa mapipa ya mafuta, na shindano la malkia wa kanivali, mahali ambapo binti mweusi aliitwa mrembo hadharani. BBC ilionyesha sherehe hiyo kwenye televisheni. Sehemu ya fedha za kijitabu cha kumbukumbu ilitengwa kuwasaidia vijana, weusi na weupe, waliotozwa faini kutokana na ghasia zile.

Claudia aliendelea kuiandaa mwaka hadi mwaka, huku moyo na mapafu vikimsumbua. Alifariki mkesha wa Krismasi mwaka 1964, akiwa na miaka 49. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, kando ya Karl Marx.

Hakuiona kanivali ikitoka nje. Mwaka 1966 mkazi wa Notting Hill, Rhaune Laslett, aliandaa tamasha la mtaani, na wapigaji wa ngoma za chuma wakatembea barabarani watu wakiwafuata. Ndiyo maana wengine huhesabu kanivali hiyo tangu 1966, na wengine tangu ile ya ukumbini mwaka 1959.

Basi ukiziona tena picha zile Agosti, angalia barabara yenyewe wanapochezea. Mwaka 1958, watu weusi wa mtaa huo waliogopa kuipita usiku.