Malintzin: Mjakazi Aliyesema Mbele ya Msemaji Mkuu

Katika mji wa Tenochtitlan, makao makuu ya dola ya Waazteki, mtawala aliitwa tlatoani, yaani msemaji. Cheo hicho chatosha kudokeza uzito uliopewa usemi katika jamii ile. Watoto wa makabaila walifunzwa lugha ya adabu katika shule maalumu, na aliyeshindwa kuitumia ipasavyo alihesabiwa kuwa mshamba. Ajabu ni kwamba mtu ambaye ulimi wake ulichangia pakubwa kubadilisha mkondo wa historia ya mji huo hakuwa kabaila wala mwenyeji. Alikuwa msichana aliyewahi kuwa mtumwa.

Malintzin alizaliwa yapata mwaka wa 1500 katika eneo la Coatzacoalcos, karibu na Ghuba ya Meksiko, miongoni mwa wasemaji wa Kinahuatl. Angali mdogo, aliangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, hatimaye akajikuta Potonchan katika nchi ya Wamaya, ambako alijifunza lugha ya mabwana zake. Mnamo Machi 1519, baada ya wenyeji wa huko kushindwa vitani na Hernán Cortés, walimpa mshindi zawadi: vyakula, dhahabu, na wanawake 20. Malintzin alikuwa mmoja wao.

Wahispania walimbatiza Marina. Kwa kuwa Kinahuatl hakina sauti /r/, wenyeji walilitamka Malina, kisha wakaliongezea kiambishi cha heshima -tzin. Wahispania nao waliposikia Malintzin wakasema Malinche. Hata Cortés mwenyewe wenyeji walimwita Malinche, kwa vile hakuonekana bila mwanamke huyo. Si mara nyingi bwana huitwa kwa jina la mjakazi wake.

Kazi ya ukalimani ilianza kwa njia ya kuzunguka. Cortés alisema Kihispania; Gerónimo de Aguilar, Mhispania aliyekuwa amevunjikiwa na chombo mwaka wa 1511 na kuishi na Wamaya, alikigeuza Kimaya; Malintzin akakipeleka katika Kinahuatl. Jibu lilirudi kwa mkondo uo huo. Muda si muda Malintzin alikimudu Kihispania, na Aguilar akawa hahitajiki tena.

Tarehe 8 Novemba 1519 aliingia Tenochtitlan pamoja na Wahispania. Mji ulijengwa juu ya kisiwa katika Ziwa Texcoco, ukaunganishwa na nchi kavu kwa njia pana za matuta zilizokatizwa na madaraja. Ndani yake palikuwa na mifereji iliyojaa mitumbwi, na pembezoni chinampa, mashamba yaliyoinuliwa kwa tope la ziwa, ambayo yalitoa mahindi, maharagwe na maua. Katika soko la Tlatelolco, Cortés alimwandikia mfalme wake, zaidi ya watu 60,000 walikutana kila siku. Punje za kakao zilitumika kama fedha, na mahakimu walikaa papo hapo kuamua kesi za wauzaji walaghai. Watumwa pia waliuzwa hapo, ingawa kwa desturi ya Waazteki mtoto wa mtumwa alizaliwa huru. Yamkini Malintzin hakuipita sehemu hiyo ya soko bila kukumbuka.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa mbele ya Moctezuma, ambaye raia wa kawaida hakuthubutu kumtazama usoni. Hapakuwa na ukalimani mgumu kuliko huo. Lugha ya makabaila ilipenda kusema kinyume: mwenyeji mkuu hujishusha mbele ya mgeni, naye humaanisha kwamba yeye ndiye mkubwa. Moctezuma alimkaribisha Cortés kwa adabu hiyo. Cortés akamwarifu mfalme wa Hispania kwamba Moctezuma amesalimisha nchi. Kumlaumu mkalimani kwa tofauti hiyo si haki. Mwenye faida katika tafsiri ile alikuwa Cortés, na ndiye aliyeshika kalamu.

Vita vilifuata, pamoja na ndui ya mwaka wa 1520 iliyoua watu wasiohesabika, na mji ukaanguka tarehe 13 Agosti 1521. Karne kadhaa baadaye, baada ya Meksiko kujipatia uhuru, Malintzin aligeuzwa kuwa alama ya usaliti, na kutokana na jina lake likazuka neno malinchismo, yaani tabia ya kutukuza cha mgeni na kudharau cha nyumbani. Hukumu hiyo inasahau kwamba Tenochtitlan haukuwa mji wake. Maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala, mahasimu wa kale wa Waazteki, walipigana upande wa Cortés, na mjakazi hakuulizwa anapenda kumtumikia nani.

Alimzalia Cortés mwana, Martín. Mwaka wa 1524 aliandamana na msafara wa kwenda Honduras, na njiani akaozwa kwa Juan Jaramillo, wakapata binti, María. Alifariki yapata mwaka wa 1529, akiwa hajafika makamo. Wachoraji wa Kinahua waliendelea kumchora akiwa amesimama kati ya pande mbili, alama za usemi zikimtoka kinywani. Katika miaka ya 1540, María alipodai haki ya urithi wake, askari wazee waliitwa kutoa ushahidi juu ya utumishi wa mamake. Ushahidi wao uliandikwa na kuhifadhiwa. Malintzin mwenyewe hakuacha maandishi yanayojulikana.