Mwariama: Jemadari aliyejitawala kabla ya kuwatawala wengine

ALFAJIRI, kabla jua halijachomoza, soko la Gakoromone mjini Meru huwa tayari limeamka. Mikungu ya ndizi hushushwa, magunia ya viazi na maharagwe hufunguliwa, na sauti za wachuuzi hupishana kwa Kimeru na Kiswahili. Mawingu yakitawanyika, Mlima Kenya huonekana ukiwa umeinamia mji, na msitu wake ukiwa umeuvaa kiunoni kama shuka.

Wengi wapitao hapo hawana muda wa kuutazama msitu huo. Lakini humo ndimo mwana mmoja wa Tigania alimojificha, akapigana na kungoja kwa takriban miaka kumi, bila kutiwa pingu. Huyo ni Musa Mwariama, aliyejulikana kwa cheo cha Field Marshal, na anayekumbukwa kama kiongozi wa cheo cha juu zaidi wa Mau Mau ambaye wakoloni hawakumkamata wala kumuua hadi Kenya ilipojinyakulia uhuru.

Mwariama alizaliwa mwaka wa 1928 huko Tigania, katika nchi ya Wameru. Alikulia katika zama ambapo Mwafrika alihitaji kubeba kipande shingoni ili asafiri kutafuta kazi, alilipa kodi kwa serikali asiyoichagua, na alitazama ardhi nzuri ya nyanda za juu ikigawiwa walowezi. Manung'uniko hayo ndiyo yaliyowasha moto wa Mau Mau.

Mnamo Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na viongozi wenzake walikamatwa usiku huo. Vijana waliokwisha kula kiapo waliingia misituni, wengine Nyandarua na wengine Mlima Kenya. Mwariama alikuwa miongoni mwa walioshika njia ya mlimani, na harakati zake zilienea hadi milima ya Nyambene.

Ni rahisi kudhani kwamba mtu hudumu msituni kwa sababu ana bunduki kali au mbio za swara. Ukweli ni kwamba silaha nyingi za wapiganaji zilikuwa za kujitengenezea kwa vipande vya mabomba, komeo za milango na mipira. Upande wa pili ulikuwa na majeshi kutoka Uingereza, askari wa King's African Rifles, polisi, walinzi wa vijijini na ndege zilizodondosha mabomu msituni. Kama vita hivyo vingepimwa kwa chuma peke yake, visingemaliza mwaka.

Kilichobaki kwa mpiganaji kilikuwa nafsi yake. Msitu ulikuwa na sheria zake, na sheria hizo hazikuwa na askari wa kuzisimamia. Moto uliowashwa saa isiyofaa ulitoa moshi ulioonekana kutoka mbali. Harufu ya sabuni au tumbaku ilifichua kambi. Nyayo zisizofutwa zilimwongoza adui hadi kitandani. Mwenye njaa aliyekosa subira akateremka kijijini kabla ya wakati, aliwaponza wenzake wote. Kwa hivyo kila mmoja alilazimika kuwa hakimu na mlinzi wa nafsi yake, usiku na mchana, hata pale ambapo hapakuwa na jicho la kumwona.

Hali ilizidi kuwa ngumu kuanzia mwaka wa 1954. Serikali iliwahamisha wanavijiji kwa lazima hadi katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa. Wananchi walilazimishwa kuchimba handaki refu lililojaa miti iliyochongwa ncha kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, ili mpiganaji asishuke na mwanamke wa kijijini asipande na kikapu cha chakula. Tangu hapo, waliosalia msituni waliishi kwa asali, mizizi na wanyama walionaswa kwa mitego.

Viongozi nao walianza kupungua mmoja baada ya mwingine. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China na ambaye aliongoza majeshi ya Mlima Kenya, alijeruhiwa na kukamatwa Januari 1954. Stanley Mathenge alitoweka mwaka wa 1955 na hakuonekana tena. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957.

Mtihani mchungu zaidi haukuwa wa risasi. Wakoloni walianza kuwatumia wapiganaji waliokamatwa, wakawabadili nia na kuwarudisha msituni wakiwa wamevaa ngozi na nywele ndefu kama zamani, ili wawasake ndugu zao. Sauti iliyoita gizani kwa lugha ya nyumbani ingeweza kuwa ya rafiki au ya msaliti. Katika mazingira hayo, ushujaa wa kukimbilia mbele haukutosha. Ilihitajika busara ya kunyamaza, uwezo wa kupima neno kabla ya kuliamini, na moyo usiopagawa kwa hofu. Mwariama alivuka miaka hiyo akiwa hai na akiwa huru.

Januari 1960, hali ya hatari iliondolewa rasmi. Mikutano ya katiba ilikuwa ikifanyika London. Agosti 1961 Kenyatta aliachiliwa huru. Wakati huo, mtu yeyote angeweza kusema kwamba kazi imekwisha. Kimathi alikuwa amekufa, majeshi ya Uingereza yalikwisha kuondoka msituni, na dunia ilikuwa imegeuzia macho yake kwingine. Lakini Mwariama hakutoka. Bendera ya mkoloni ilikuwa bado inapepea, na kwake yeye jambo lililompeleka msituni lilikuwa halijatimia.

Hapo ndipo ukubwa wa mtu huyu unapodhihirika. Kuvumilia wakati unawindwa ni jambo moja, kwani hofu yenyewe humshurutisha mtu kuwa macho. Kuvumilia wakati hakuna anayekuwinda wala anayekupigia makofi ni jambo jingine. Miaka hiyo ya mwisho, kilichomfunga Mwariama msituni hakikuwa adui. Ilikuwa ahadi.

Uhuru ulipowadia Desemba 1963, Mwariama alijitokeza. Picha ya mkutano wake na Kenyatta imekuwa mojawapo ya picha mashuhuri katika historia ya Kenya. Upande mmoja yuko mzee aliyetoka kizuizini akawa kiongozi wa taifa, na upande wa pili mpiganaji mwenye nywele ndefu zilizosokotana. Siku chache baada ya sherehe za uhuru, wapiganaji walikusanyika katika uwanja wa Ruring'u mjini Nyeri na kukabidhi silaha zao kwa serikali mpya.

Methali hutufunza kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kwa wapiganaji wengi, haikuwa hivyo. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo na kugawiwa kwa malipo, na mtu aliyetoka msituni mikono mitupu hakuwa na cha kulipia. Ajabu ni kwamba waziri wa ardhi na makazi katika serikali hiyo alikuwa Mmeru, Jackson Angaine, lakini wapiganaji wengi wa Meru walibaki bila shamba.

Kinyongo kilikuwa kikubwa. Baimungi M'Marete, kiongozi mwingine mashuhuri wa Mau Mau kutoka Meru, hakuridhika na mambo yalivyokwenda akarudi msituni pamoja na wafuasi wake. Januari 1965 aliuawa na vikosi vya usalama vya Kenya huru. Kifo hicho kiliacha jeraha ambalo wazee wa Meru hawajalisahau, na si haki kulifunika kwa maneno matamu.

Mwariama aliishi hadi mwaka wa 1989. Hakuwa waziri wala mbunge. Siku alipofumba macho, chama alichokipigania kilikuwa bado kimepigwa marufuku kwa sheria iliyoachwa na mkoloni, marufuku iliyoondolewa mwaka wa 2003 na serikali ya Rais Mwai Kibaki. Sanamu ya Kimathi ilizinduliwa jijini Nairobi mwaka wa 2007. Katiba ya 2010 iliigeuza Sikukuu ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa. Mwaka wa 2013, serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake kuhusu mateso ya miaka ile na kukubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya 5,000. Yote hayo yalitendeka Mwariama akiwa kaburini.

Je, maisha ya namna hii yana faida gani kwa kijana wa leo anayetafuta kuinuka? Huenda akasema kwamba Mwariama alivumilia akaambulia patupu. Lakini uvumilivu wake haukuwa biashara ya kungoja malipo. Subira, kiasi, siri na uaminifu zilikuwa tabia alizozijenga ndani yake siku baada ya siku, na hakuna serikali iliyompa tabia hizo wala iliyoweza kumpokonya. Wanaotamani kuongoza watu ni wengi. Wanaoweza kujizuia wenyewe ni wachache, na bila hao wachache hata uongozi wa juu kabisa huoza.

Msitu wa leo si lazima uwe na chui na makachero. Katika soko la Gakoromone, kila asubuhi yuko muuzaji anayejaza gorogoro sawasawa hata kama mnunuzi ni mtoto mdogo aliyetumwa na mamake na asiyejua kupima. Hakuna anayemlinda, wala hakuna atakayemsifu. Huyo amejitawala.