Moreau wa Amani, mhesabu wa ndege wasafiri

Wengi wapandao kutoka Muheza kwenda Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, hawajui kuwa hapo aliishi miaka 18 mtu aliyekuja kukadiria idadi ya ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia kuja Afrika.

Reginald Moreau alizaliwa Uingereza mwaka 1897. Hakusomea ndege chuoni. Alikuwa mtu wa kukagua hesabu za jeshi, na maradhi ya viungo ndiyo yaliyomfikisha Cairo mwaka 1920. Huko alianza kuwatazama ndege wakivuka jangwa, na huko alikutana na Winnie, mkewe.

Mwaka 1928 akaajiriwa kituo cha utafiti wa kilimo Amani. Mshahara ulikuwa wa kazi ya ofisini. Ndege yalikuwa mapenzi. Salimu Asmani na wenzake ndio waliomtafutia ndege msituni, na kwa maoni yetu majina yao yalistahili kusikika zaidi.

Alirudi Uingereza 1946, akahariri jarida la Ibis hadi 1960. Uzee wake aliumalizia katika kitabu cha ndege hawa, ambao kama majahazi ya zamani hutujia msimu wa kaskazi na kuondoka kusi likikaribia. Alikadiria bilioni 5 kila mwaka. Hesabu ya 2009 ilipata kama bilioni 2.1, ila njia za kuhesabu si moja. Pengo lote lisidhaniwe ni vifo.

Alifariki 1970, kitabu kikatoka 1972. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kindege mmoja mwenye koo jeupe alirudi Uingereza akiwa amepungua kwa takriban robo tatu. Baadaye ilibainika kuwa ukame wa Sahel, anakokimbilia baridi ya Ulaya, ndio uliomuua.

Safari za namna hiyo zipo pia ndani ya Afrika. Mbayuwayu wa buluu huzaliana nyanda za juu kama Njombe na Kitulo, kisha kati ya Aprili na Septemba huonekana Ruma, bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, jirani na Migori. Ruma ina kilomita za mraba 120 tu, na ndege huyu anazidi kuwa adimu. Nyasi za Lambwe zinalindwa na hifadhi. Zile za Njombe anakotagia zimekuwa zikigeuzwa mashamba ya chai na miti ya mbao.