Aliandika kuhusu malezi akiwa gerezani

Wengi wetu tunamfahamu John Bunyan kwa kitabu kimoja tu, Safari ya Msafiri, kile cha mtu anayeuacha mji wake akiwa na mzigo mgongoni, akielekea mji wa mbinguni. Leo naomba tukiweke kando. Kipo kijitabu chake kingine ambacho ni nadra kukisikia kikitajwa mimbarini. Kilitoka mwaka 1663 na kinahusu mwenendo wa Mkristo: mume na mkewe, wazazi na watoto, bwana na watumishi wake. Alikiandika akiwa gerezani, na watoto wake wanne walikuwa nyumbani bila baba.

Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria na birika zilizotoboka, na mwana akairithi kazi hiyo. Shule aliiona kidogo tu. Mwaka 1644 mama yake alifariki, dada yake akafuata, na kabla mwaka haujaisha kijana huyo wa miaka 16 alikuwa amevaa sare ya askari katika vita kati ya mfalme na bunge. Baadaye hakuacha kukumbuka kwamba mwenzake mmoja aliomba kwenda zamu mahali pake, akapigwa risasi akafa.

Alipooa, yeye na mkewe walikuwa maskini hata vyombo vya nyumbani vilikuwa shida. Mke alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake. Bunyan akavisoma, akaanza kwenda kanisani, akaacha michezo na matusi, majirani wakamsifu. Yeye naye akajisifu. Hadi siku moja, akiwa kazini Bedford, aliwakuta wanawake kadhaa maskini wameketi mlangoni wakiota jua na kuzungumza habari za Mungu. Akasogea ili naye achangie, maana alijiona mjuzi. Walikuwa wakieleza jinsi Mungu alivyowazaa upya na jinsi walivyouona ubaya wa mioyo yao wenyewe, wakiongea kwa furaha. Fundi wetu hakuwa na la kusema. Alirudi kazini amenyamaza, lakini akawa anawarudia tena na tena. Ndugu, tusidharau mazungumzo ya akina mama barazani! Ni hao waliomfikisha kwa mchungaji wao, John Gifford, na baada ya miaka ya mashaka makali alipata amani, kisha akaanza kuhubiri.

Mwaka 1658 mkewe alifariki na kumwachia watoto wanne. Mkubwa wao, Mary, alikuwa kipofu. Mwaka uliofuata alimwoa Elizabeth, binti aliyekubali kuwa mama wa watoto hao wote. Mwaka 1660 ufalme ukarudi, na sheria za zamani dhidi ya mikutano ya ibada nje ya kanisa la serikali zikaamshwa. Novemba mwaka huo Bunyan alikamatwa alipokuwa anajiandaa kufungua ibada katika nyumba ya shambani. Elizabeth alikuwa mjamzito. Kwa mshtuko wa habari ile uchungu ukamshika kabla ya wakati, na mtoto akafa.

Hapa ndipo pagumu. Bunyan angeweza kurudi nyumbani. Alitakiwa tu kuahidi kwamba hatahubiri tena kwenye mikutano, akakataa. Agosti 1661 Elizabeth alisimama mbele ya majaji Bedford kumwombea mumewe. Aliwaambia ana watoto wadogo wanne, mmoja haoni, na kwamba wanaishi kwa sadaka za watu wema. Jaji Matthew Hale alimhurumia lakini hakumsaidia. Mwenzake alimfokea. Bunyan akakaa jela miaka 12.

Wapo wanaomlaumu, nami siioni kuwa lawama ya kipuuzi. Paulo anamwambia Timotheo maneno mazito juu ya mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake, na Bunyan aliyajua vizuri kuliko sisi. Mwenyewe alikiri kwamba hakuna kilichomwuma gerezani kama kumfikiria yule binti kipofu, jinsi atakavyopigwa na baridi na njaa. Hakujitetea kwa kusema familia ni jambo dogo mbele ya huduma. Alikaa akifunga ncha za chuma kwenye kamba za viatu, mamia kwa mamia, ziuzwe watoto wapate chakula. Akitoka kwenye kamba, anashika kalamu.

Kwa nini basi aandike juu ya wajibu wa baba? Siku zile wahubiri wa neema walishutumiwa kwamba wanawafundisha watu kuishi watakavyo, kwa kuwa matendo hayaokoi. Bunyan alilichukua neno la Tito sura ya tatu akaonyesha kwamba imani ya kweli huzaa matendo, na matendo hayo huanza kuonekana mezani na jikoni kabla ya kuonekana kanisani. Aliwataka wazazi wajaribu kwanza maneno ya upole kabla ya fimbo. Tena wachunguze kama kosa wanalomwadhibu mtoto hakujifunza kutoka kwao. Aliamini hana muda mrefu wa kuishi, maana hukumu yake ingeweza kumfikisha kwenye kitanzi, na alitaka ndugu zake Bedford wabaki na neno lake.

Hakunyongwa. Mwaka 1672 alitoka, akiwa tayari amechaguliwa kuwa mchungaji wa kusanyiko lile lile la akina mama wale. Safari ya Msafiri ilichapwa mwaka 1678 na kumpa jina.

Mwaka 1688, akiwa karibu na miaka 60, alipanda farasi hadi Reading kumsihi baba mmoja aliyekasirika na kutaka kumnyima mwanawe urithi. Baba akalegea, akamsamehe kijana. Kutoka hapo Bunyan akaelekea London katika mvua kubwa, akafika ameloa chapachapa, homa ikampata, na tarehe 31 Agosti akafariki katika nyumba ya rafiki yake. Akazikwa Bunhill Fields.