George Lansbury: Kiongozi aliyeng'atuka kwa sababu ya vita vya Uhabeshi

Na Mwandishi Wetu

MWANASIASA anapotofautiana na chama chake katika jambo kubwa, njia zilizo mbele yake si nyingi. Aweza kunyamaza ili kulinda cheo, aweza kukihama chama, au aweza kusema ukweli wake na kuwaachia wenzake kiti. George Lansbury, aliyekiongoza chama cha Labour cha Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1930, alichagua njia hii ya tatu.

Jambo lenyewe liliigusa Afrika moja kwa moja. Mwaka 1935 Italia ya Benito Mussolini ilikuwa ikijiandaa kuivamia Ethiopia, nchi ambayo Waswahili waliifahamu kwa jina la Uhabeshi. Swali lililokigawa chama cha Labour lilikuwa moja: je, Uingereza iungane na mataifa mengine kumzuia mvamizi, hata kama kufanya hivyo kungeleta vita?

Lansbury alizaliwa Februari 1859 katika mji mdogo wa Halesworth, jimboni Suffolk, baba yake akiwa mfanyakazi wa ujenzi wa reli. Angali mtoto, familia ilihamia mashariki mwa London, eneo la bandari, viwanda na umaskini uliokithiri, na huko ndiko alikoishi sehemu kubwa ya maisha yake. Mwaka 1880 alimwoa Elizabeth Brine, maarufu kwa jina la Bessie, ambaye baba yake alimiliki kiwanda cha kupasua mbao. Walijaliwa kupata watoto 12.

Mwaka 1884 Lansbury na familia yake walihamia Australia, wakiamini matangazo yaliyoahidi ajira na maisha bora. Walichokikuta huko kilikuwa kinyume kabisa. Mwaka uliofuata walirejea London, na kijana huyo akaanza kusimama hadharani kuwaonya wenzake wasidanganywe na matangazo hayo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngazi yake ya kwanza katika siasa.

Mwaka 1893 alichaguliwa kuingia katika bodi iliyosimamia misaada ya maskini wa Poplar. Enzi hizo fukara wasio na pa kwenda waliwekwa katika nyumba maalumu zilizoendeshwa kwa ukali mithili ya jela. Lansbury na wenzake walibadili chakula, mavazi na namna ya kuwatendea watu hao, akishikilia kwamba umaskini si kosa la jinai.

Tabia yake ya kuweka kiti rehani kwa ajili ya jambo analoliamini ilionekana mapema. Aliingia bungeni Desemba 1910 akiwakilisha jimbo la Bow and Bromley. Miaka miwili baadaye alijiuzulu kwa hiari ili agombee upya kwa hoja moja tu: haki ya wanawake kupiga kura. Alishindwa katika uchaguzi huo mdogo, na hakurudi bungeni hadi mwaka 1922. Mwaka 1913 alifungwa katika gereza la Pentonville kutokana na hotuba aliyoitoa kuwaunga mkono wanawake hao, naye akagoma kula hadi alipoachiwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chama chake kilipogawanyika, Lansbury alikuwa upande wa waliopinga vita, akilitumia gazeti la Herald alilokuwa mhariri wake. Tangu hapo msimamo wake haukuyumba: kuua binadamu kwa jina la taifa ni kinyume cha mafundisho ya Kristo.

Jina lake lilivuma zaidi mwaka 1921. Madiwani wa Poplar walikataa kukusanya sehemu ya kodi iliyotakiwa kupelekwa katika mamlaka za London nzima. Hoja yao ilikuwa kwamba mtaa wa wasio na kazi ulikuwa ukibebeshwa mzigo mkubwa wakati mitaa ya matajiri ikilipa kidogo. Madiwani 30, Lansbury akiwamo, walitupwa jela kwa muda wa wiki sita hivi. Serikali ililazimika kubadili sheria ili mzigo huo ugawanywe kwa haki zaidi. Miongoni mwa waliofungwa alikuwamo mkwewe, Minnie Lansbury, aliyefariki dunia Januari 1922 akiwa na umri wa miaka 32.

Mtu wa namna hiyo hakutarajiwa kuwa kiongozi wa chama kikubwa. Ni msukosuko wa mwaka 1931 uliomfikisha hapo. Waziri Mkuu Ramsay MacDonald, aliyetokana na Labour, alivunja Serikali yake na kuunda nyingine akishirikiana na wapinzani wake wa Conservative. Chama kilimfukuza. Katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo Labour ilipata wabunge wapatao 50 tu, na karibu vigogo wake wote waliangushwa. Lansbury, aliyekuwa Waziri wa Majengo na Bustani za Umma tangu mwaka 1929, alinusurika. Akawa kiongozi wa wabunge waliobaki, na mwaka 1932 akawa kiongozi wa chama kizima, Clement Attlee akiwa msaidizi wake.

Wanachama walimpenda mzee huyo kwa dhati, kwani alikirejeshea moyo chama kilichokuwa karibu kufa. Hata hivyo, dunia ilikuwa ikibadilika. Adolf Hitler alitwaa madaraka nchini Ujerumani mwaka 1933 na kuvivunja vyama vya wafanyakazi. Viongozi wa vyama hivyo nchini Uingereza wakaanza kuona kwamba kuchukia vita peke yake si ngao.

Hadi kufikia katikati ya mwaka 1935, Labour ilikuwa na makambi matatu. Kambi ya kwanza, iliyoongozwa na Ernest Bevin, kigogo wa chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, pamoja na Hugh Dalton, ilitaka Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa wa leo, liiwekee Italia vikwazo, na ikibidi nguvu itumike. Kambi ya pili ilikuwa ya Stafford Cripps na wanasoshalisti wenzake, walioliona Shirikisho hilo kuwa kilinge cha mabeberu na hawakuwa tayari kuikabidhi Serikali ya Uingereza silaha ya aina yoyote. Kambi ya tatu ilikuwa ya wapenda amani wasiokubali vita kwa sababu yoyote ile. Humo alikuwamo Lansbury mwenyewe.

Wananchi nao walikuwa njia panda. Katika kura ya maoni iliyoendeshwa na wanaharakati wa amani, ambayo matokeo yake yalitangazwa Juni 1935, zaidi ya watu milioni 11 walijibu. Zaidi ya milioni 10 waliunga mkono vikwazo vya uchumi dhidi ya taifa vamizi, lakini walioafiki hatua za kijeshi walikuwa milioni 6.8 hivi.

Hali hiyo ilimweka Lansbury mahali pagumu. Akisimama bungeni kama kiongozi, alipaswa kueleza sera ya chama ya kulitegemea Shirikisho la Mataifa. Akisimama kama Mkristo, alipaswa kusema kwamba sera hiyo ingeweza kuishia katika kumwaga damu. Aliwaeleza wenzake kuwa yu tayari kuondoka, lakini hawakutaka aondoke. Septemba mwaka huo Cripps alijiuzulu ujumbe wa Halmashauri Kuu ya Taifa, naye Arthur Ponsonby akaacha uongozi wa Labour katika Bunge la Malodi.

Mkutano mkuu wa chama ulifunguliwa mjini Brighton Septemba 30, 1935. Dalton ndiye aliyewasilisha azimio la kuunga mkono vikwazo. Lansbury, akiwa na umri wa miaka 76, alipopanda jukwaani ukumbi ulisimama kumshangilia. Alieleza imani yake bila kuficha, akakiri kwamba msimamo wake haulingani na wa wengi, na akawaambia wajumbe kuwa wana haki ya kutafuta kiongozi mwingine.

Kisha akainuka Bevin. Alimshutumu Lansbury kwa kuwaweka wenzake pabaya, akisema alibaki ndani ya vikao vilivyopitisha sera asizoziamini, kisha akaitembeza dhamiri yake hadharani. Kwa Bevin, ufashisti ulikuwa umekwisha kuwaangamiza wafanyakazi wenzao kwingineko barani Ulaya, na huruma kwa mzee mmoja haikuwa sababu ya kukiacha chama bila msimamo. Wajumbe wengi waliumizwa na ukali wa maneno yake, lakini hoja yake ilipita.

Katika mikutano ya Labour ya enzi hizo, vyama vya wafanyakazi vilipiga kura kwa hesabu ya wanachama wao, ndiyo maana kura zilihesabiwa kwa mamilioni. Azimio lilipita kwa kura 2,168,000 dhidi ya 102,000. Mkutano ukiwa haujafungwa, Oktoba 3, majeshi ya Italia yalivuka mpaka na kuingia Ethiopia.

Siku tano baadaye Lansbury aliwaaga wabunge wake. Walimsihi abaki, akakataa. Attlee alichaguliwa kushika nafasi hiyo, na wengi walidhani angekuwa kiongozi wa kupita tu. Alikaa miaka 20.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Waziri Mkuu Stanley Baldwin aliitisha uchaguzi haraka, Novemba 14, akijinadi kuwa mtetezi wa Shirikisho la Mataifa, akashinda. Labour ilipata viti 154, mara tatu ya vile vya mwaka 1931, lakini ikabaki upinzani.

Na Ethiopia je? Hapa ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Vikwazo viliwekwa Novemba, lakini mafuta hayakuguswa na Mfereji wa Suez haukufungwa kwa meli za Italia. Desemba ilifichuka kwamba Samuel Hoare, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, na Pierre Laval wa Ufaransa walikuwa wamepanga kuigawia Italia sehemu kubwa ya nchi hiyo. Hoare alilazimika kujiuzulu. Waethiopia waliendelea kumiminiwa gesi ya sumu, na Mei 5, 1936 Addis Ababa ilitekwa. Mjini London, Jomo Kenyatta alikuwa katibu wa umoja wa Waafrika na marafiki zao uliotetea nchi hiyo, lakini sauti yao haikubadili uamuzi wa wakubwa.

Lansbury hakukata tamaa. Mwaka 1937 alikwenda kuonana na Hitler mjini Berlin, kisha Mussolini mjini Rome, akiamini kwamba mazungumzo na mgawanyo wa haki wa rasilimali za dunia vingeepusha vita. Alirudi na matumaini ambayo historia iliyavunja. Hapo ndipo wema wake ulipogeuka upofu, kwani aliwapima madikteta kwa kipimo cha moyo wake mwenyewe.

Alifariki dunia Mei 7, 1940 kwa maradhi ya saratani, akiwa bado mbunge wa Bow and Bromley. Siku tatu baadaye Ujerumani iliishambulia Ulaya Magharibi, na Attlee pamoja na Bevin wakaingia katika Serikali ya Winston Churchill. Mwaka 1941 askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waliowatimua Waitalia, na Mei 5 mwaka huo Haile Selassie akarejea Addis Ababa, miaka mitano kamili tangu ilipotekwa.

Yaliyotokea baadaye yanampa Bevin haki katika suala la Ethiopia: mvamizi hakuzuiwa kwa kuombwa. Lakini namna Lansbury alivyoondoka haipaswi kusahaulika. MacDonald alishikilia kiti akakipoteza chama. Lansbury alikiachia kiti, hakuunda kundi la kulipiza kisasi, akarudi katika safu ya wabunge wa kawaida na kukitumikia chama hadi kifo. Miaka kumi baada ya Brighton, chama hicho hicho kiliunda Serikali yenye wabunge wengi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Attlee alikuwa Waziri Mkuu na Bevin Waziri wa Mambo ya Nje.