Daktari Richard Kandt, mgeni aliyeanzisha Kigali



Wengi wetu tuliokwisha kufika Kigali tunaijua njia ile. Unashuka gari Nyabugogo, unajitwika mzigo wako, na kama huna pesa ya pikipiki unapanda kwa miguu kupitia Muhima mpaka mjini. Kuna waliompeleka mama kujifungua katika hospitali ya Muhima. Kuna vijana wetu waliopanga chumba huko, watatu au wanne pamoja, wakitafuta kazi. Sasa, ukimaliza kupanda Muhima na kuendelea kidogo kwa miguu juu ya mlima ule ule wa Nyarugenge, utaifikia nyumba moja ya zamani, yenye kuta nene, ambayo leo ni jumba la makumbusho. Hiyo ni miongoni mwa nyumba za kwanza za mtindo wa Kizungu kujengwa katika mji huo. Aliyekaa humo hakuzaliwa Rwanda, wala baba yake hakuwa na shamba huko. Jina lake ni Richard Kandt.

Tumechagua kuyasimulia maisha yake kwa sababu ya swali ambalo vijana wanatuuliza mara kwa mara: je, mtu anaweza kweli kujenga kazi na jina katika nchi isiyo yake? Kandt alifanya hivyo. Lakini tutasema pia pale ambapo safari yake haikufanana na yetu, maana si vizuri kumpa kijana mfano nusu nusu.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1867 katika mji wa Posen, ambao wakati huo ulikuwa chini ya utawala wa Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi, na jina alilozaliwa nalo ni Kantorowicz. Alisoma udaktari, kisha akafanya kazi katika hospitali za wagonjwa wa akili huko Bayreuth na Munich. Ilikuwa kazi ya heshima yenye mshahara. Mtu mwingine angekaa hapo mpaka uzee.

Akiwa bado kijana alijiunga na kanisa la Kiprotestanti, na jina Kantorowicz akaliacha akachukua la Kandt. Katika Ujerumani ya wakati huo Myahudi aliweza kusoma mpaka akawa daktari, lakini milango mingi ya serikali, ya jeshi na ya vyuo vikuu ilikuwa migumu sana kwake, na jina tu lilitosha kumtambulisha. Danieli na wenzake walipewa majina mapya na wenyeji wa Babeli. Huyu alijipa mwenyewe. Sisi hatutamhukumu kwa hilo. Wamo hapa kambini watu waliotaja jina lingine kwenye kizuizi cha njiani ili wapite wakiwa hai, na tunawafahamu.

Basi huyu daktari wa magonjwa ya akili akaanza kufikiri juu ya mto. Mwaka 1862 Mwingereza John Speke alikuwa ameonyesha mahali ambapo Nile inatoka katika ziwa Victoria. Lakini ziwa nalo linalishwa na mito, na mkubwa wao ni Akagera. Je, maji ya Akagera yanaanzia wapi? Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Burundi katika miaka ya 1892 na 1893, alisema ni mto Ruvubu. Kandt hakuridhika. Akajifunza mambo ya Afrika, akaenda kuomba msaada, na mwishowe akasafiri kwa sehemu kubwa kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka 1897 alifika pwani ya Afrika Mashariki, akiwa na umri wa miaka 29, bila cheo chochote cha serikali.

Kutoka pwani alipanda bara kwa miguu kupitia Tabora, na msafara wa wapagazi na askari. Ni lazima tukumbuke hao wapagazi. Vitabu vinamtaja yeye. Mizigo, mahema, vyombo vya kupimia na chakula vilikwenda juu ya vichwa vya watu ambao majina yao hayakuandikwa. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya misafara, na ni kwa njia hiyo hiyo, pamoja na wafanyabiashara na askari wa pwani na wa Tabora, ndipo lugha hii tunayowaandikia ilivyopandishwa mpaka Rwanda.

Mwaka 1898 alifika kwenye makao ya mfalme. Hapo pana kisa ambacho Wanyarwanda wanakikumbuka. Mfalme alikuwa Yuhi Musinga, kijana bado, na wakuu wa ikulu hawakutaka mgeni huyo amwone. Wakamweka mbele yake mtu mzima aitwaye Mpamarugamba, wakasema ndiye mfalme. Kandt alikuwa amekwisha kusikia kwamba mfalme ni kijana mdogo, akafahamu kwamba amechezewa. Tunaona wenyeji walikuwa na haki ya kujihadhari. Miaka michache kabla yake, mwaka 1896, askari wa nchi iliyoitwa Kongo Huru walipigana na jeshi la Rwanda huko Shangi na kulishinda. Nani angemwamini mgeni mwenye bunduki baada ya hayo?

Kutoka huko aliufuata mto. Mahali ambapo Ruvubu na Akagera vinakutana alichunguza maji ya kila upande, akaamua kwamba njia kuu ni ile inayotoka Rwanda. Akapanda na Nyabarongo. Mbele Nyabarongo nayo inagawanyika: upande mmoja Mbirurume, upande wa pili Mwogo. Akashika Mwogo, na kutoka Mwogo akaingia Rukarara, mpaka ndani ya msitu wa Nyungwe, mahali ambapo mto umekuwa maji machache tu yanayotoka ardhini. Ilikuwa Agosti 1898. Wenzetu walioko kambi ya Kigeme wanaishi katika wilaya hiyo hiyo ya Nyamagabe. Baadaye, mwaka 1937, Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alionyesha chemchemi iliyo kusini zaidi, kule Rutovu katika Burundi, na mabishano hayajaisha mpaka leo. Na kwa kweli watu waliokuwa wakichota maji pale Nyungwe hawakungoja Mzungu awaonyeshe. Yeye alichofanya ni kuunganisha mito yote katika ramani moja.

Hapa ndipo wengine wangerudi nyumbani kupokea sifa. Kandt akabaki, na sehemu hii ndiyo hasa iliyotufanya tuandike. Alijenga makao karibu na Shangi, kando ya ziwa Kivu, akayapa jina la Kijerumani lenye maana ya amani ya mlimani. Ziwa hilo wengi wetu tumelivuka kwa mtumbwi, au tumeogelea ndani yake tukiwa watoto upande wa pili. Yeye alilizunguka na kulipima akachora ramani yake. Alijifunza Kinyarwanda. Aliuliza juu ya desturi, juu ya wahunzi na wafinyanzi na wasukaji, akaandika makala juu ya kazi za mikono za Wanyarwanda. Alikusanya mimea, ndege na wanyama akavipeleka Berlin. Yule kima wa rangi ya dhahabu anayeishi katika misitu ya volkano, upande wa Rwanda na upande wetu wa Kongo, katika jina lake la kisayansi mpaka leo anaitwa kwa jina la Kandt.

Miaka hiyo yote hakuwa na ofisi. Cheti chake cha udaktari wa akili hakikuwa na nafasi pale Shangi. Kambini mwetu wamo wauguzi, mafundi na walimu ambao vyeti vyao vilibaki katika nyumba zilizochomwa, au wanavyo mkononi na hakuna anayevitazama. Wanajua uchungu huo kuliko Kandt, kwa sababu yeye aliondoka kwa hiari. Lakini jambo moja ni sawa: kile kilichompa kazi baadaye hakikuwa cheti alichotoka nacho nyumbani. Ni lugha, njia, mito na watu aliojifunza alipokuwa hajulikani.

Aliporudi Ujerumani aliandika kitabu kikubwa cha safari kwa mfano wa barua, kilichotoka mwaka 1904. Jina lake, Caput Nili, ni la Kilatini na maana yake ni kichwa cha Nile. Kilisomwa sana na kuchapwa tena. Halafu serikali ikakumbuka kwamba kuna mtu anayeijua Rwanda. Mpaka hapo nchi hiyo ilikuwa ikisimamiwa na kituo cha jeshi kilichokuwa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Ilipoamuliwa Rwanda iwe na mwakilishi wake wa kiraia, aliyewekwa mwaka 1907 ni Kandt. Cheo hicho kiliitwa Residenti. Kutoka kuwasili pwani mpaka siku hiyo ilipita miaka kumi. Vijana wanaotaka kila kitu kwa mwaka mmoja wahesabu hapo.

Mfalme alikaa Nyanza, kusini. Kandt hakutaka kujenga mlangoni pa ikulu, wala mpakani. Alitafuta mahali katikati ya nchi, mahali njia za biashara zinapokutana, karibu na Nyabarongo, akachagua mlima wa Nyarugenge. Kigali ilianza hivyo, mwaka 1907: nyumba ya Residenti, askari wachache, na baada ya muda mfupi maduka ya Wahindi, Waarabu na Waswahili waliouza vitambaa, chumvi na vyombo na kununua ngozi. Karibu wote walikuwa wageni. Mji ambao leo mtu anauliza kama una nafasi kwa mgeni ulianza kama kijiji cha wageni juu ya mlima wa wenyeji.

Sasa tuseme upande wa pili. Kandt hakuwa mkimbizi. Nyuma yake kulikuwa na dola, na mbele yake askari. Alipotaka mahali pa kujenga hakungoja karatasi ya kibali kama tunavyongoja. Wajerumani walikuwa wachache sana, kwa hiyo walitawala kwa mkono wa mfalme na watemi wake, na kwa kufanya hivyo waliimarisha nguvu za ikulu juu ya sehemu ambazo hazikuipenda. Kaskazini watu walipomfuata Ndungutse na kuasi, mwaka 1912, jibu lilikuwa bunduki na kuchoma vijiji. Kandt alikuwa likizo wakati huo, na Gudowius aliyekaimu nafasi yake ndiye aliyeongoza vita hivyo. Hata hivyo ofisi ilikuwa ile ile. Tena yeye na Wazungu wenzake waliandika juu ya Watutsi, Wahutu na Watwa kana kwamba ni mataifa matatu yaliyoumbwa mbali mbali, na sisi tuliomo humu kambini tunajua maneno ya namna hiyo yalikuja kuzaa nini. Alipenda nchi, tunakubali. Lakini mtu anaweza kupenda nchi na bado akaiandikia vibaya.

Kabla ya vita kuu ya kwanza alikwenda Ujerumani kwa mapumziko. Vita vilipoanza mwaka 1914 bahari ikafungwa, hakuweza kurudi. Nyumba yake, vitabu vyake, bustani yake, vyote vilibaki Kigali. Mwezi Mei 1916 Wabelgiji wakaingia Kigali, na utawala wa Wajerumani Rwanda ukaisha. Yeye wakati huo alikuwa daktari wa jeshi upande wa mashariki wa Ulaya. Kazi aliyoiacha akiwa kijana ikamrudia, maana majeruhi hawamwulizi daktari juu ya ramani za Nile. Gesi ya sumu ya vitani ikamharibu afya, na tarehe 29 Aprili 1918 akafa katika hospitali ya jeshi mjini Nuremberg. Alikuwa na miaka 50. Alizikwa huko, katika makaburi ya Johannisfriedhof.

Wala Posen alikozaliwa haikubaki katika nchi aliyoijua. Miezi michache baada ya kifo chake wenyeji Wapolandi waliinuka, na mji ukawa wa Poland, unaitwa Poznań. Kama angepona vita, angekuwa mtu ambaye mji aliozaliwa umehama nchi, na mji alioujenga umepata mabwana wengine.

Kigali yenyewe ilikaa ndogo miaka mingi. Wabelgiji waliweka makao yao makuu Usumbura, na Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, Kigali ikafanywa mji mkuu ikiwa na watu wapatao 6,000. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni 1.7. Muhima, ambako magari na pikipiki hayanyamazi mchana wala usiku, ni sehemu ya kukua huko.

Nyumba ya Nyarugenge kwanza ilifanywa makumbusho ya viumbe vya asili, na tangu mwaka 2017 inaitwa makumbusho ya Nyumba ya Kandt. Ndani wanaonyesha maisha ya Wanyarwanda kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni, na jinsi Kigali ilivyokua. Atakayekwenda mjini kwa shughuli zake na akapata saa moja ya ziada, apite pale. Asimame kwanza nje atazame milima, kisha aulize wanaoongoza wageni wamwonyeshe ramani za zamani. Katika ramani hizo ziwa Kivu lipo lote, na ng'ambo ya pili ni kwetu.